KAYA MASKINI NA ORODHA YA KIJIJI

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani, Rugera



Ndugu viongozi wa vigango, wenyeviti wa jumuiya ndogondogo, makatekista, akina mama wa WAWATA, na ninyi nyote mlioacha shughuli za shamba ili kuitikia mwito wa semina hii: tumeombwa kuzungumza juu ya msaada ambao Serikali huzipatia kaya maskini kwa ajili ya chakula na mahitaji ya lazima, na juu ya namna kaya inavyoweza kuuomba. Baadhi yenu mmetuuliza hapo mlangoni kama jambo hili si la mtendaji wa kijiji, na padre ana shughuli gani na TASAF. Swali ni halali. Tutalijibu kwa kuanza na kisa, maana pasipo kisa hicho hata sisi tusingalikuwa na hamu ya kulizungumza.

Katika kijiji kimoja tusichokitaja aliishi mjane mwenye umri mkubwa, Mkristo mwenzetu, aliyekuwa akilea wajukuu watatu. Kibanja chake kilikuwa kimeshambuliwa na mnyauko, ugonjwa ulioingia mkoani kwetu yapata mwaka 2006. Ndizi zilizosalia zilikuwa zikiiva kabla ya kukomaa, na ukizikata ndani zimeoza. Mibuni michache aliyokuwa nayo alikwisha kuiuza kwa butura, kahawa ikiwa bado maua, ili apate unga. Siku ya mkutano mkuu wa kijiji, wananchi walipoitwa wazitaje kaya zilizo maskini kuliko nyingine, jina lake lilitajwa. Sauti ikasikika kutoka nyuma: “Huyo si wa hapa.” Watu wakacheka. Mwandishi akaendelea na jina lililofuata.

Mama huyo alizaliwa Karagwe. Wazazi wake walikuja kutoka Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakawa miongoni mwa makumi ya maelfu ya watu waliopewa uraia na Serikali yetu mwaka 1980. Mumewe alikuwa Mnyambo wa ukoo unaojulikana, na kaburi lake lipo kibanjani. Lakini tangu msukosuko wa mwaka 2013, wageni walipoamriwa kuondoka katika mikoa ya mpakani, neno “si wa hapa” limekuwa jiwe ambalo kila mtu aweza kuliokota na kulirusha. Mkutanoni walikuwapo viongozi wetu wa jumuiya wasiopungua wanne. Hakuna aliyesimama. Nasi tulipata habari hizo baada ya miezi mingi, mama alipokuja parokiani kuomba maharage. Tukampa maharage, tukadhani kazi yetu imekwisha.

Kisa cha namna hii si kigeni katika Kanisa. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinatusimulia kwamba katika jumuiya ile ya kwanza kabisa ya Yerusalemu, ambayo tumezoea kuisifu kwa umoja wake, wajane wa Wakristo waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku, ilhali wajane wa Waebrania hawakusahauliwa. Yaani orodha ilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ilifuata lugha na asili ya watu. Yafaa tuangalie walivyotenda Mitume. Hawakuwakemea walionung’unika, wala hawakuwaambia wajane wavumilie kwa kuwa thawabu yao ni mbinguni. Waliitisha mkutano wa waamini wote, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema waisimamie kazi hiyo. Tena majina ya hao saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia, yote ni ya Kiyunani. Kusanyiko liliwakabidhi usimamizi watu wa upande ule uliokuwa umeonewa. Sisi tuliosoma Maandiko seminarini kwa miaka mingi tulikuwa tumeipita aya hiyo mbiombio tukiwahi kifo cha Stefano. Mjane wa maharage ndiye aliyeturudisha nyuma kuisoma upya.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mlangoni ni hili. Maharage tuliyompa mama yule yalikuwa sadaka, nayo ni njema. Lakini nafasi yake katika orodha ya kijiji ilikuwa haki yake, na mtu aliyenyang’anywa haki halipwi kwa debe la maharage. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, inaitaka Serikali iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Na Kanisa, tangu barua ya Papa Leo XIII ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, limefundisha kwamba dola inawajibika kuwaangalia kwa namna ya pekee wale wasio na chochote cha kujikingia. Tume ya Haki na Amani, iliyoundwa na Papa Paulo VI mwaka 1967 na ambayo kamati zenu zimechukua jina lake, haikuundwa ili igawe nguo kuukuu.

Sasa tuutazame mpango wenyewe. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza mwaka 2000, na kwanza ulijulikana kwa kujenga madarasa na zahanati. Mwaka 2010 malipo ya fedha kwa kaya maskini yalijaribiwa katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Agosti 2012 ukazinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kwa nchi nzima, nao ukazifikia kaya zaidi ya milioni moja katika vijiji na mitaa ipatayo elfu kumi. Vijiji vingine, takribani theluthi moja, vilibaki nje vikitazama. Awamu ya pili, iliyokusudiwa kuvifikia vijiji vyote, ilizinduliwa Februari 2020. Mipango ya Serikali huja na majina yake na huondoka nayo. Tunaieleza hii kwa kirefu kwa sababu ndiyo tuliyoishi nayo, na kwa sababu mlango wake, yaani mkutano mkuu wa kijiji, ni ule ule ambao msaada wa mahindi wakati wa njaa umekuwa ukipitia, na ambao msaada wowote ujao hauna budi kuupitia.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalielewi. Huko Marekani, ambako sheria ya kuwapatia watu wa kipato kidogo stempu za kununulia chakula ilipitishwa mwaka 1964, mtu huomba mwenyewe, akajaza fomu, akaonyesha hati za kipato chake, akajibiwa. Kwetu hakuna ofisi ya namna hiyo, na mkulima hana hati ya mshahara. Kijiji ndicho fomu yetu. Wananchi wenyewe, katika mkutano mkuu, hukubaliana ni dalili zipi zinazoitambulisha kaya maskini, kisha huzitaja kaya hizo. Kutoka kwa majirani ndimo inamoanza orodha. Mtu asiyetajwa mkutanoni hana mahali pengine pa kuanzia, hata angekuwa na njaa namna gani. Na mtu asiye na ndugu wala sauti ndiye mwepesi kutotajwa. Ndiyo maana tunasema kwamba ukimya wa kiongozi wa jumuiya katika mkutano ule ni jambo zito. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Hahitaji kualikwa.

Baada ya kutajwa, mambo hayajaisha. Wawezeshaji kutoka wilayani huitembelea kaya na kujaza dodoso: watu wangapi wanalala humu, nani anasoma, nyumba ni ya nini, paa ni la nini, mifugo mingapi. Majibu hupelekwa na kupigiwa hesabu mbali na kijiji, na wanaoonekana kuwa juu ya kiwango huondolewa. Hapo wazee wetu wengi wameangukia. Twamfahamu mzee ambaye mwanawe alimwezekea bati kabla ya kufariki. Bati lile lilimhesabu baba yake kuwa mtu wa uwezo, ingawa chini ya bati hapakuwa na chungu kilichochemka. Wengine huponzwa na haya. Mgeni anapofika na karatasi, mwenyeji huona aibu kusema kwamba kuku wale ni wa jirani na kitanda kimeazimwa. Tunawasihi viongozi wa jumuiya mwafundishe watu kusema kweli yote, wala wasiongeze dhiki ambayo hawanayo. Anayeongeza dhiki hudhulumu jirani yake, maana nafasi zina idadi. Anayeificha hujidhulumu mwenyewe pamoja na watoto.

Kisha orodha hurudi kijijini ili isomwe tena na kuthibitishwa na mkutano. Mkutano huu wa pili watu hawaujali. Huhudhuriwa na wachache, na wengi wao ni wale waliokwisha kupata. Lakini hapo ndipo mahali pa kuuliza: mbona fulani hayumo? Mbona fulani yumo? Asiyeridhika anaweza kupeleka malalamiko kwa Kamati ya Usimamizi wa Jamii, kwa halmashauri ya kijiji, na hatimaye kwa mratibu wa TASAF aliyepo wilayani, Kayanga kwa watu wa Karagwe na kwao vilevile kwa watu wa Kyerwa, wilaya iliyozaliwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Tunashauri malalamiko yaandikwe, yatiwe tarehe, na nakala ibaki kwa mlalamikaji. Neno la mdomo hupotea njiani kati ya kijiji na wilaya, hasa wakati wa mvua.

Kuhusu fedha zenyewe, tusiwadanganye watu. Katika awamu ya kwanza kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, ikaongezewa kidogo kidogo kwa ajili ya watoto wanaohudhuria kliniki na shule, na jumla yake haikuzidi shilingi 38,000. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili. Waliokuwa na nguvu walipewa pia kazi za muda, kama vile kuchimba makinga maji na kutengeneza barabara, kwa shilingi 2,300 kwa siku. Hakuna aliyetajirika. Lakini muulizeni mtu aliyeuza kahawa yake ikiwa maua, kwa bei ambayo tunaona aibu kuitamka mbele yenu, shilingi 20,000 zilizofika mwezi wa njaa zilikuwa na maana gani kwake. Fedha hiyo ndogo, ikifika kwa wakati, huiacha kahawa mtini hadi iive.

Ziliandamana na masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, mwenye umri wa shule asome. Kaya iliyoshindwa ilikatwa sehemu ya ruzuku. Wazo hili la kuunganisha fedha na shule lilipata sifa huko Mexico mwaka 1997, na huko kama kwetu walioitwa kupokea fedha walikuwa hasa akina mama. Sharti ni jema. Hata hivyo, mtoto anapokosa shule kwa sababu anamwuguza bibi yake, ni lazima awepo mtu wa kwenda kwa mwalimu na kwa kamati kueleza. Mtu huyo awe nani kama si mwenyekiti wa jumuiya?

Tumesikia pia hoja isemayo kwamba fedha hizi huwafanya watu wavivu, na kwamba huishia kwenye rubisi. Hatukatai kwamba yupo aliyeinywea. Walevi wamo hata miongoni mwa wenye mishahara, na hakuna anayependekeza mishahara ifutwe. Lakini katika wilaya zile tatu za majaribio watu walichunguza kwa makini, wakilinganisha vijiji vilivyolipwa na vile ambavyo vilikuwa bado. Walikuta kwamba kaya zilizolipwa ziliwanunulia watoto viatu, zikajiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, zikafuga mbuzi na kuku. Mtu anunuaye kuku kwa fedha ya msaada anafikiria kesho.

Tumefika mahali pagumu, nasi tunaomba mtuvumilie. Mwaka 2016 Serikali ilifanya uhakiki, na makumi ya maelfu ya kaya zikaondolewa katika mpango nchini kote. Yalikutwa majina ya waliokwisha kufa, ya waliohama, na ya watu waliojiweza, wakiwamo viongozi. Tusiyaseme hayo kana kwamba ni dhambi za watu wengine. Wajumbe wa serikali za vijiji vyetu ni waamini wetu. Jumapili twawapa Komunyo. Aliyemwandika shemeji yake mwenye duka, na aliyedai “ya soda” ili jina lipite, wote wawili wanajua wimbo wa matoleo kwa moyo.

Nasi mapadre hatuko safi. Miaka kadhaa iliyopita alitujia baba mmoja, mwanakwaya mzuri, akaomba barua ya kumtambulisha kwa uongozi wa kijiji chake kuwa ni maskini. Tuliiandika tukaitia muhuri wa parokia. Jina lake likaingia. Baadaye tukaelewa kwamba hali yake haikuwa mbaya kuliko ya majirani zake, na kwamba kwa kuwa nafasi zilikuwa na idadi, barua yetu ilikuwa imemtoa mtu ambaye hatukumjua, labda Mlutheri, labda Mwislamu, labda mtu asiyesali popote. Tangu siku ile hatuandiki barua za namna hiyo, na tunawaomba msituombe. Kumshuhudia mtu mkutanoni mbele ya majirani, ambapo kila mmoja aweza kukubisha, ni halali. Karatasi yenye muhuri inayopita pembeni ni upendeleo hata ikiandikwa kwa nia njema.

Jambo la pili linatuhusu sisi sote tulio humu. Katika baadhi ya vigango imeonekana desturi ya kuwangojea walengwa siku ya malipo. Mwenye duka yupo na daftari lake, mkopeshaji yupo akiwa ameshikilia kadi ya mama wa watu kama rehani, mkusanya mchango wa kijiji yupo. Na pembeni kidogo, chini ya mti, mweka hazina wa jumuiya na kitabu cha zaka. Mama anapokea shilingi elfu ishirini na kitu, anafika nyumbani na elfu nne. Tunasema wazi: hatutaki kusikia tena kwamba zaka imekusanywa mahali hapo. Mlengwa atatoa atakacho, Jumapili, kama wengine, na akitoa parachichi moja litapokewa. Na kadi iliyowekwa rehani irudishwe; ninyi mnaojua imeshikwa na nani, mnajua pia nyumba yake ilipo.

Turudi kwa mjane wetu. Tulipoona aibu ya kutosha tulikwenda pamoja na katekista na wajumbe wawili wa Haki na Amani kwa uongozi wa kijiji. Tulisikilizwa kwa heshima, tukaambiwa kwamba orodha imekwisha kufungwa, ingojewe nyingine. Malalamiko yaliandikwa, wilayani yakapokelewa, jibu likawa lile lile. Ilingojewa miaka. Katika miaka hiyo jumuiya yake ilimlimia, na mmoja wa wale wanne waliokaa kimya alimpa machipukizi safi ya migomba akang’oa mashina yenye ugonjwa kwa mikono yake. Uandikishaji mpya ulipofika, jina la mama likasomwa, na ile sauti ya nyuma ikasikika tena. Safari hii mtu huyo wa machipukizi alisimama. Hakuhutubia. Alitaja jina la marehemu mume, akaonyesha kwa mkono upande kaburi lilipo, akauliza kama yupo mwenye shaka aende naye. Mwandishi akaliandika. Mjukuu mkubwa alikuwa amekwisha kuacha shule wakati huo.

Sasa basi, kabla ya chakula cha mchana, tunawaomba mfanye jambo moja kwa jumuiya. Kila mwenyekiti akae na wajumbe wake, waandike kwenye karatasi kaya zilizo katika eneo lao ambazo haziwezi kujisemea mkutanoni: mzee asiyetembea, mlemavu, watoto wanaolelewa na watoto, mtu asiye na ukoo hapa, na asiye wa dini yetu pia. Karatasi hiyo si orodha ya msaada, wala isisomwe kanisani ikawaabisha watu. Ni ukumbusho wa nani atakwenda na nani siku ya mkutano wa kijiji, ambao kwa kawaida hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Asiyeweza kutembea apakiwe kwenye pikipiki. Nauli parokia italipa, na mhasibu wetu aliyeketi pale amekwisha kuambiwa, ingawa uso wake unaonyesha kwamba hajafurahi. Wale ambao hawana kitambulisho cha Taifa, au vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu, waandikwe upande wa pili wa karatasi, maana malipo yameendelea kuhamia kwenye simu na benki, na asiye na kitambulisho hubaki nyuma.

 Tupokee maswali, na mama yule wa kigango cha mbali, aliyeinua mkono tangu tulipotaja kadi za rehani, atangulie.